Vijana wa kikundi wanajipima na stetasi za wenzao hadi kazi zinalala. Tunaanzia wapi?

Katibu_Ujiji

Wakuu, habari za jioni. Kuna kikundi cha vijana 14 huku Ujiji, umri miaka 22 hadi 31. Wengi wanauza mawese na dagaa, wawili wanashona, mmoja amemaliza chuo anasubiri ajira. Kila Jumamosi saa kumi wanakutana kuweka akiba kwa kununua hisa za kikundi. Tatizo lililojitokeza si hela. Kijana anaamka, anapitia stetasi za watu aliosoma nao, mmoja yuko Dodoma kwenye ofisi yenye kiyoyozi, mwingine ameshapandisha msingi, na mpaka saa nne asubuhi hajatandaza hata bidhaa. Ukimuuliza, "sijisikii tu". Wengine siku wakiwa na hela ya hisa moja hawaji kabisa, wanaona aibu mbele ya wanaonunua tano.

Tafadhali msiniambie "waambie wajiamini". Hilo wameambiwa tangu darasa la tano. Nataka hatua: wafanye nini, kwa muda gani, na wapi huwa panaharibika. Na je, simu zifungwe kabisa?

Naomba kuwasilisha.

Mshauri_Mwanga

Katibu, nianze na kinachotokea, maana dawa inatoka hapo hapo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza jambo ambalo bado linashika: mtu akikosa kipimo cha wazi cha hali yake, huazima mwenzake awe kipimo. Na haazimi yeyote, huchagua anayefanana naye. Ndiyo maana kijana wa Ujiji hakosi usingizi kwa ajili ya tajiri wa Dar, anakosa usingizi kwa ajili ya yule aliyekaa naye dawati moja. Ukimwambia "acha kujilinganisha" umemnyang'anya rula bila kumpa nyingine, na kesho ataiokota ile ile.

Anzeni na daftari, lile dogo la kurasa 48 linatosha. Kila ukurasa uchorwe safu nne: saa na mahali, nilichoona, sentensi iliyopita kichwani, hisia na uzito wake kuanzia 0 hadi 100. Ajaze papo hapo au ndani ya nusu saa. Mistari miwili mitatu kwa siku inatosha, kila mmoja dakika mbili.

Safu ya pili ndiyo watu wengi wanaiharibu. Wanaandika "nimeona fulani ametoboa". Hiyo ni tafsiri. Macho hayakuona kutoboa. Macho yaliona picha ya mtu amesimama mbele ya nyumba yenye bati jekundu, basi aandike hivyo hivyo. Safu ya tatu nayo iandikwe neno kwa neno jinsi ilivyopita, hata kama ni ya aibu: "Nimechelewa, sitafika popote." Asiipambe. Na hisia ipewe jina lake. Aibu, wivu, huzuni na woga ni vitu vinne tofauti, na kila kimoja kinamsukuma mtu upande wake: aibu inamficha, wivu unamchongea mwenzake, woga unamgandisha. "Sijisikii" haielekezi popote.

Wiki ya kwanza asirekebishe chochote, ajaze tu. Baada ya siku saba mkae, mpige mstari chini ya vinavyojirudia. Mara nyingi mtakuta saa ni zile zile (kabla ya kutoka kitandani, na usiku baada ya kula), watu ni wale wale watatu au wanne, na jambo ni moja, tuseme nyumba. Hapo tatizo limeshapungua ukubwa: si "maisha yangu yote", ni nyumba, saa kumi na mbili asubuhi, kwa watu wanne.

Wiki ya pili ongezeni safu tatu. Ya tano: ambacho picha haionyeshi (kiwanja ni cha nani, mkopo, muda, nani aliyemsaidia, na ameacha nini ili apate hicho). Asibuni ubaya wa mwenzake hapa, aandike maswali tu. Ya sita: sentensi nyingine ambayo ni ya kweli zaidi. Ya saba: uzito wa hisia sasa hivi.

Safu ya sita ina mtego mkubwa. Kijana aliyefundishwa na wahamasishaji ataandika "Mimi ni mshindi, nitakuwa bilionea". Haisaidii, na inaweza kudhuru. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake huko Kanada waliwapa watu sentensi ya kujisifu wairudierudie. Waliokuwa na hali ya kujiona duni walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakuirudia. Akili inajibu "muongo wewe". Kwa hiyo sentensi mpya iwe ile anayoiamini angalau kwa 70 kati ya 100. Kwa mfano: "Sina nyumba. Sijui yeye alianza lini. Mimi nimeweka akiba miezi mitano mfululizo na mwaka jana sikuwa nimeweka hata mmoja." Haina utamu, lakini inakaa. Uzito ukishuka kutoka 80 hadi 50, hesabuni kuwa kazi imefanyika. Anayesubiri sifuri ataliacha daftari siku ya nne.

fundi_simu_Kibirizi

Kuhusu simu: msizifunge. Hao ni wafanyabiashara, wateja wako humo humo. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wa mwaka 2018, wanafunzi 143, ambapo kundi moja liliwekewa dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao, yaani Facebook, Instagram na Snapchat, kwa wiki tatu. Upweke na unyonge vilipungua ukilinganisha na walioendelea kama kawaida. Waliwekewa kiasi tu, hawakufungiwa.

Kwa WhatsApp fanyeni hivi. Kwenye orodha ya stetasi, bonyeza jina la mtu na ushikilie, chagua kunyamazisha. Mwenyewe hapati taarifa yoyote, na namba yake inabaki, mnaendelea kuchati kama kawaida. Anza na wale watatu wanne waliotajwa kwenye daftari, si watu wote. Magrupu ya shule: nyamazisha moja kwa moja kisha hifadhi kwenye kumbukumbu ili yasikae juu. Kunyamazisha kwa saa nane au wiki hakusaidii, kunarudi chenyewe ukiwa umeshasahau.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ukizima alama za kusomwa (zile tiki za bluu), huwezi tena kuona nani ameangalia stetasi yako, na wao hawaoni kama umeangalia zao. Kwa kijana ambaye ugonjwa wake ni kuhesabu "watazamaji 43, jana walikuwa 60", hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Hasara yake ni kwamba hutajua kama mteja amesoma ujumbe wako, na hilo kwa muuza dagaa linauma kidogo. Apime mwenyewe.

Simu nyingi za Android zina sehemu ya mipangilio inayoonyesha umetumia dakika ngapi kwenye kila programu. Angalieni wiki nzima kabla ya kuweka kikomo. Mtu anayetumia saa nne akiwekewa dakika 20 ataondoa kikomo siku ya pili. Punguza kwa robo kila wiki.

Na usiku simu ilale nje ya chandarua. Kama ndiyo saa yake ya kuamkia, aiweke mahali ambapo lazima asimame kuizima.

Pimakilo

Mshauri amesema mpeni rula yake, mimi niiweke kwenye mawese maana ndiyo kazi yao.

Chukua namba za mfano, si bei ya leo. Jamaa A ameposti madumu kumi ya lita 20. Ameyanunua 60,000 kila dumu, jumla 600,000. Ameuza 68,000, jumla 680,000. Toa usafiri 25,000, ushuru na wapakiaji 10,000, riba ya mkopo 20,000. Amebaki na 25,000. Jamaa B ana madumu mawili, ameyanunua 120,000, ameyapima kwenye chupa 40 za lita moja, 4,000 kila moja, akapata 160,000. Toa chupa 8,000. Amebaki na 32,000. Kwenye picha A ni mfalme na B haonekani.

Ila B asianze kumcheka A. A ameimaliza kazi yake kwa siku mbili, B kauza siku kumi. Ukigawa kwa siku, A yuko juu. Kwa hiyo hata ukiwa na hesabu zote bado inategemea unagawa kwa nini: kwa siku, kwa mtaji au kwa usingizi unaopotea juu ya riba. Ndiyo maana nasema ulinganisho wa mtu na mtu karibu kila mara una safu zinazokosekana.

Rula ya kijana iwe na namba tatu tu, ziandikwe kila Ijumaa usiku: nimebaki na kiasi gani baada ya gharama, nimeweka akiba kiasi gani, nimefanya kazi siku ngapi. Kisha analinganisha na yeye mwenyewe wa wiki nne zilizopita. Si wiki iliyopita. Kwa wauza dagaa hili ni la lazima, maana mnajua wenyewe: dagaa huvuliwa kwa taa gizani, mbalamwezi ikiwa kali vyombo vinapumzika. Anayelinganisha wiki ya mbalamwezi na wiki ya giza atajiona ameshindwa maisha kila mwezi, wakati kilichotokea ni mwezi kuwa mpevu. Wiki nne zinakaribia mzunguko mzima, basi giza linapimwa na giza.

Wahenga wetu wa pwani walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Watu wanaitumia kama mahubiri, lakini ni hesabu. Nendeni Kibirizi mkaangalie mtumbwi unavyoundwa, mbao ngapi, misumari kilo ngapi, fundi kalipwa nini, umekaa juu ya magogo miezi mingapi kabla ya kugusa maji. Halafu mrudi kwenye ile picha ya bati jekundu.

Mnyamwezi_Isevya

Salaam kutoka Tabora. Mimi nitapingana kidogo. Mnaongea kama kulinganisha ni sumu tupu. Kuna wivu wa maendeleo, na bila huo watu wasingetoka kijijini. Kijana akimuona mwenzake amejenga naye akaamka saa kumi na moja, kuna ubaya gani?

Ubaya uko kwenye kumchagua wa kumwangalia. Chagua mtu aliye hatua moja mbele, si kumi. Anayeuza madumu mawili amwangalie wa manne, anayefahamiana naye, anayeweza kumuuliza. Na amuulize maswali matatu yenye majibu: ulianza na mtaji gani? ulikosea wapi mara ya kwanza? kitu gani ungekiacha kama ungeanza leo? Ulinganisho unaorudi na jibu la kufanyia kazi kesho asubuhi ni shule. Unaorudi na uzito kifuani tu, huo ukatwe. Kipimo changu ni hicho, sina kingine.

Halafu angalieni misimu. Huku Urambo na Kaliua hela ya tumbaku inaingia kwa mkupuo, tena baada ya chama cha msingi cha ushirika kukata mkopo wa pembejeo. Wiki za malipo pikipiki mpya zinajaa barabarani. Muuza maandazi wa kila siku akijipima wiki hiyo anaona yeye ni bure kabisa. Mwenye pikipiki hiyo hiyo mwezi wa pili unaweza kumkuta anakopa mahindi. Hela ya mkupuo na hela ya kila siku hazilingani hata zikiwa sawa kwa jumla.

Katibu_Ujiji

Asanteni sana wakuu, nimeandika yote. Maswali mawili. Kwanza, wale wanaojificha vikao kwa sababu ya hisa moja, daftari pekee litawatoa? Pili, presha nyingine haitoki kwenye simu, inatoka nyumbani. Mama anasema "mwenzio kajenga, wewe unauza chupa". Hapo hakuna cha kunyamazisha.

Mshauri_Mwanga

La kwanza: hapana, daftari halitoshi. Kujificha kunailisha aibu. Kila anapokosa kikao anapata nafuu siku hiyo, na akili inajifunza kwamba kweli kikao kilikuwa hatari. Jumamosi inayofuata inakuwa ngumu zaidi.

Mtengenezee ngazi. Aandike mambo sita hadi nane anayoyakwepa, kila moja na uzito wa woga 0 hadi 100. Labda kumpigia mwenyekiti ni 30, kuja kikaoni na kukaa nyuma 40, kununua hisa moja wengine wakiona 60, kusema mbele ya wote "leo nina moja" 75. Aanze na ya 30 au 40. Kabla hajafanya aandike anachotabiri, kwa namba: "watu kumi watanigeukia, wawili watacheka." Akirudi aandike kilichotokea. Arudie ngazi hiyo hiyo mara tatu nne mpaka uzito ushuke kama nusu, ndipo apande. Panapoharibika ni kuruka ngazi kwa ushujaa wa siku moja, au kuja na kinga: anainamia simu muda wote, au anaondoka dakika tano kabla. Akija na kinga, akili inasema "nimepona kwa sababu ya simu", na somo linapotea.

Utabiri wa namba una sababu yake. Kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell uliotoka mwaka 2000, wanafunzi walivalishwa fulana ya kuwatia aibu wakaingizwa chumbani mwa wenzao. Walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wameiona picha iliyokuwa kifuani. Walioiona walikuwa kama robo. Watu wanatuangalia kidogo kuliko tunavyohisi, ila huwezi kumwambia kijana hivyo akaamini, inabidi ahesabu mwenyewe.

La mama. Asijibu pale pale mbele ya wageni, na asikae kimya miezi sita halafu akalipuka. Achague muda mama ametulia, amwamkie, aseme sentensi mbili tu: "Mama, ni kweli amejenga na nimefurahi kwa ajili yake. Ukinipima na yeye nashindwa kukueleza hali yangu, lakini ukiniuliza ya kwangu nitakuambia." Kisha amwambie kweli kitu kimoja kutoka kwenye zile namba tatu za Ijumaa. Wazazi wengi hulinganisha kwa sababu hawana taarifa nyingine. Nao wameazima rula. Mama akirudia wiki ijayo, na atarudia, sentensi ni ile ile kwa sauti ile ile. Kubadilisha maneno kila mara kunageuka mjadala.

Na wewe Katibu, samahani, ila kikao chenu nacho kinachangia. Kama hisa zinatangazwa kwa sauti kuanzia aliyenunua nyingi, au mnatoa zawadi ya mwanachama bora, mmeweka stetasi kubwa ukutani. Hela zihesabiwe mbele ya wote, hilo lisiguswe, uwazi ndio unaolinda sanduku. Lakini waiteni kwa namba ya kitabu, na kabla ya kufunga kila mtu apewe dakika moja ataje namba za rula yake, za leo na za wiki nne nyuma, bila mtu kumshauri.

Nesi_wa_zamu

Naongeza moja ambalo limesahaulika. Sio kila "sijisikii" ni tabia ya kujilinganisha. Angalieni wiki mbili: kama karibu kila siku hana raha na hata vitu alivyovipenda, halali au analala kupita kiasi, hali chakula, hawezi kutulia kwenye jambo moja, anajiona mzigo, huyo apelekwe kituo cha afya. Kuna dodoso la maswali tisa linaloulizia wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 anahitaji kuonwa na mtaalamu. Swali la tisa ni la kutaka kufa au kujidhuru; hapo jibu lolote tofauti na "hapana" linashughulikiwa siku hiyo hiyo, hata kama jumla ni ndogo. Apimwe pia malaria na wingi wa damu. Uchovu wa mwili unaiga unyonge vizuri sana.

Msiogope kumuuliza wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizi wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, ondoeni karibu yake sumu za shambani na dawa zilizolundikana, mpelekeni. Kigoma hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni, Tabora ni Kitete.

Katibu_Ujiji

Nimepokea. Jumamosi hii tunaanza na daftari, safu nne. Muda gani kabla sijaanza kulaumu njia? Kuna aliyeniambia siku 21.

Mshauri_Mwanga

Achana na 21. Utafiti uliofanywa London na Phillippa Lally na wenzake ulikuta tabia mpya inashika kwa siku 66 hivi, ukichukua mtu wa katikati, ila wengine siku 18 na wengine makadirio yalifika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo wape wiki kumi, na kwenye wiki ya tatu tegemea madaftari matano hivi yawe yamepotea. Nunua kumi na tisa.